Jina la Lile Jiwe Pana

Ofisi ya Parokia,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo? Ule mkono ulioungua kwenye tanuri la mikate umepona? Na kikohozi je? Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na ukicheka nitajua. Baba ni mzima wa mwili.

Tangu tumzike mama sijakuandikia. Nisamehe. Mwanzoni nilikuwa na hasira kwamba hukuja. Hasira ikaisha, nikabaki sina la kusema.

Sasa ninalo. Padre amenipa kazi ya kuandika majina ya kila kilima, kijito na kona ya parokia kwa ajili ya ramani, kabla wanaoyajua hawajatutoka. Nazunguka na daftari, baba ananionyesha kwa fimbo. Kuna kijito kinaitwa Mkwe Geuka, kwa sababu bwana mmoja alikuwa akioga pale, mara mama mkwe wake akatokea na ndoo. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne tulifika kwenye lile jiwe pana lililo juu ya njia ya basi. Utotoni mwetu halikuwa na jina. Nikamuuliza mchunga ng'ombe mmoja, wa kijiji cha pili asiyetujua, wao wanapaitaje.

"Hapa? Anakuja Leo."

"Kwa nini?"

"Kuna bibi alikuwa akikaa hapa kila Jumamosi, anangoja basi lipite. Ukimsalimu anakwambia, 'Mwanangu anakuja leo.' Miaka mingi, dada. Siku hizi simwoni. Labda huyo mwanawe alikuja akamchukua."

Sisi mama alituaga kila Jumamosi kwamba anakwenda kufagia kanisa. Miaka kumi na mmoja tangu uondoke, Kijiti. Nikamtazama baba, akatikisa kichwa. Naye hakujua. Nikafunga daftari, nikasema hili tuliache, ni letu.

"Andika," baba akasema. "Watu wameshapapa jina. Wewe nani hata ulifute?"

Nikaandika, karatasi ikiloana. Kwenye asili ya jina nikajaza: mama aliyemngoja mwanawe. Padre aliposoma akauliza kama huyo mwana alirudi. Nikasema yuko mbali, kazini.

Sikuandikii kukulaumu. Najua ulivyohangaikia ruhusa na karatasi za safari. Ila sikutaka siku moja ulikute kwenye ramani ukutani, bila mtu wa kukueleza.

Jumamosi iliyopita baba alitoka bila kuaga. Nilimfuata kwa mbali. Nilimkuta amekaa pale juu ya jiwe, kofia mapajani. Basi lilipokaribia akasimama, akajipangusa suruali, akavaa kofia yake vizuri. Lilipopita, akakaa tena.

Msalimie mkeo, na umbusu binti yako kwa niaba yetu. Mama mdogo na fundi cherehani jirani yetu wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akufungulie njia ungali na mzazi wa kukupokea.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikinuna,

Dada Mkubwa