Sikio la Hodan

Garissa, Jumanne

Dada yangu Halima,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Joto la Garissa linachemsha hata maji ya mtungini, lakini mimi nachemka zaidi.

Leo daktari mgeni wa upasuaji amemwona Hodan. Alitazama ile nundu ndogo aliyozaliwa nayo mahali pa sikio la kulia, kisha akaniambia, "Mama, huyu ni msichana. Atajitanda mtandio. Nani ataliona?"

Alidhani mtoto hasikii. Abaayo, dada yangu, sikio lake la kushoto linasikia hata mbuzi akicheua! Hodan akamjibu mwenyewe, "Mimi nitaliona."

Nikamwambia yule daktari kwamba binti yangu atajitanda kwa ajili ya Mungu, si kwa kuficha alichoumbwa nacho. Walahi, sauti yangu ilifika hadi kwenye foleni nje. Hapo ndipo alipovuta kiti akafanya kazi yake. Aliweka plastiki nyembamba juu ya sikio zima la kushoto akalichora liwe kielelezo, akampapasa mbavu, akaeleza kwamba watatoa gegedu hapo, ule mfupa laini, ili wachonge sikio jipya. Mbavu bado changa. Tungoje afike miaka kumi, ndipo twende Nairobi.

Kungoja naweza. Kudharauliwa, hapana.

Sasa Hodan anakula tikiti la mashamba ya Tana, maji yanamtiririka hadi viwikoni. Nibusie wanangu wote. Na majirani uwaambie mapema, kabla hatujarudi: atakayemvuta mtoto wangu mtandio ili kulificha sikio, atanikuta mlangoni kwake.

Nduguyo akupendaye,
Zahra