Kinachojichora Chini ya Gauni

Jumapili, 4 Mei

Nimeudhika mpaka chakula cha mchana kimenishinda. Mchungaji kasema geukeni mkumbatiane, kama kila Jumapili. Brandi, yule mama kijana tunayekaa naye benchi moja, kanikumbatia, mara karuka kama aliyegusa jiko la moto. Kaguswa na kitu kigumu ubavuni! Kacheka, nikacheka. Nikadhani yameisha.

Yaliisha wapi! Baada ya ibada Dewayne kaniita pembeni, karibu na mtungi wa kahawa. Yeye ndiye mkuu wa walinzi wa kanisa letu. Tuko sita, tunabeba bastola chini ya nguo za Jumapili, na mwanamke ni mimi peke yangu. Eti, "Dada Verlene, unajichora." Eti bastola yangu inaonekana chini ya gauni, na mlinzi akishajulikana si mlinzi tena. Ikitokea mara nyingine nimwachie mtu kiti changu.

Haya kayasema huku koti lake mwenyewe limebinuka ubavuni kama kaficha kuku! Wote wanabinuka, wanaume wote wale, na hakuna anayeona. Nyani haoni kundule.

Kiti chenyewe ni cha korido ya chumba cha watoto wachanga. Mwaka juzi mume wa mtu aliingia pale akifoka, anamtaka mkewe. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya kulea. Mlango hauna hata komeo. Nilikaa sakafuni nikauzuia kwa mgongo, watoto wakinitazama, yeye akiusukuma kwa nje. Mwishowe alijiondokea. Siku ile ndipo nilipoitoa bastola ya marehemu mume wangu, Harlan, kabatini na kwenda kujifunza kulenga. Kiti kile sikitoi. Wajaribu waone.

Jumatatu, 5 Mei

Nimerudi kazini nimechoka na nimeimwaga droo nzima kitandani. Kila abebaye silaha ana droo kama hii, imejaa ala za bastola alizojuta kuzinunua.

Ala ya ngozi ya Harlan, ya kuvaa nje ya kiuno. Raha tupu ukikaa. Lakini vaa gauni juu yake — utadhani nimebeba chungu. Ile ya plastiki ngumu inayoingia ndani ya suruali inafichika vizuri sana. Ukikaa sasa! Inang'ata. Nyonga yangu ina doa la zambarau hadi leo. Na inataka mkanda. Nani anavaa mkanda na gauni? Kuna ile ya kitambaa ya kuzungushia tumboni. Nilivaa mara moja, nikatoka jasho kama bata mzinga ndani ya tanuri. Na ya kifundo cha mguu? Mpaka nipige magoti ndipo niichomoe. Adui atadhani namwombea.

Inayoficha inaumiza, isiyoumiza inaonyesha. Na wanaozitengeneza wote ni wanaume wasio na nyonga!

Alhamisi, 8 Mei

Nimepitia dukani kwa Skeet, muuza bunduki. Hata sijamaliza salamu, keshaniletea mkoba wa mkononi wenye mfuko wa siri. Wa pinki. Kila cha wanawake lazima kiwe pinki!

"Mama, si uitie humu tu, mambo yaishe?"

Nikamwambia mkoba unawekwa chini, na mtoto anayetambaa anajua kufungua zipu kuliko wewe. Kajikuna kichwa. "Basi vaa koti." Koti! Mwezi Mei! Oklahoma! Nikamuuliza, mkeo anabeba wapi? "Yule? Habebi, ananibebesha mimi." Wazee waliokuwa wakinywa kahawa pale kaunta wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nilitaka kucheka nikajizuia. Wangedhani nimekubali.

Lakini Skeet si mjinga akiamua. Katoa ala nyembamba, ya ndani ya kiuno, nyuma yake kuna kipande cha sponji. Sponji inasukuma kitako cha bastola kilalie mwili badala ya kuchomoza. Akasema niache gauni, nivae sketi yenye mkanda na blauzi pana ya maua. Maua yanavuruga macho, nguo ya rangi moja ni mbea. Mbona Dewayne hakuniambia hilo? Kwa Dewayne kuna kunisema tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeivaa kutwa, bastola tupu. Nimefua, nimepalilia nyanya, nimekaa kwenye kila kiti cha nyumba hii. Haing'ati!

Neva, mke wa Dewayne, kaleta mayai. Nikamkumbatia kwa nguvu, makusudi kabisa. Hakushtuka. Nikamkumbatia tena wakati wa kuaga, kaniuliza kama naumwa. Kasema mumewe anateseka tangu apasuliwe ngiri, mkanda ukimgusa anaona nyota, ila hakuna wa kumwambia apumzike. Nikamhurumia. Kidogo.

Jumapili, 11 Mei

Naandika kabla hata sijavua nguo za kanisani.

Sikukuu ya Mama. Watoto wanagawa maua kwa kila mwanamke, kanisa limejaa. Nimekumbatiwa na watu hata siwajui, hakuna aliyehisi kitu. Nilikuwa natembea kifua mbele! Kabla ya mahubiri nikaingia choo cha korido yetu, kile wanachopelekwa watoto. Juu ya kisanduku cha karatasi za chooni — bastola. Ndani ya ala yake.

Mkono ukaruka kiunoni. Yangu ipo. Nikaangalia vizuri. Ala ya ngozi ya kahawia, kitako cha pembe ya paa. Hakuna mwingine mwenye kitako kile ila Dewayne! Kaivua ili akae, kaiweka, kainuka, kaondoka zake. Mahali ambapo mtoto akisimama juu ya sinki anaifikia!

Nikaitia chini ya blauzi na kuishika kwa mkono. Kufungua mlango, Brandi huyu hapa, kamshika binti yake wa miaka mitatu, wamekuja chooni. Dakika moja tu, Mungu wangu. Kanitazama usoni, kaitazama blauzi ilivyotuna. Nikapita mbio.

Nikampata Dewayne nje, maegeshoni, anapekua gari lake. Aliponiona alipauka kama unga. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyapanga tangu koridoni! Lakini mzee wa watu machozi yalikuwa yanamlenga. "Ni mshono huu, Verlene. Siwezi kukaa na mkanda. Kwa ajili ya Harlan, usiseme." Harlan na yeye walikuwa wakiwinda pamoja kila vuli.

Nikampa bastola yake. Nikampa na neno langu kuwa sitasema.

Jumatatu, 12 Mei

Brandi nimempigia mara mbili. Hapokei.

Jumatano, 14 Mei

Naandika ndani ya gari, nje ya kanisa. Wamenitoa ili wanijadili. Mimi!

Baada ya chakula cha jioni cha kanisani, kama kila Jumatano, Dewayne kaita kikao cha walinzi. Kasimama, kakohoa. Kasema mama mmoja amelalamika kuwa silaha ilisahaulika choo cha watoto Jumapili, na mlinzi mmoja alionekana akitoka nayo kaificha. "Kwa heshima, simtaji." Hamtaji! Wanaume wanne wakageuza shingo kwangu pamoja. Yeye anatazama ncha za buti zake.

Nikamngoja aseme. Nilimngoja kwa moyo mweupe. Nikadhani mtu hawezi kuliacha jambo kama hilo lipite. Akaliacha likapita.

Nikasema, "Yangu ilikuwa kiunoni." Basi. Mmoja wao akanipigapiga begani, eti, "Dada, hakuna anayekulaumu. Hizi ala za akina mama hazina nguvu." Nilitaka kulia kwa hasira! Ala nilizozivaa mpaka ngozi ikachubuka ili mtoto yeyote asije akaigusa bastola, leo ndizo zinazobeba lawama za mtu aliyevua yake akaiacha juu ya karatasi za chooni!

Wakaniomba nitoke kidogo.

Sasa hivi Neva kanigongea kioo. Kaleta kipande cha keki ya pichi kwenye sahani ya karatasi. "Dewayne kasema nikupe. Anasema asante, wewe ndiye Mkristo wa kweli."

"Unajua asante ya nini, Neva?"

Kainamisha kichwa. Anajua! "Alibakiwa na hicho tu, Verlene. Kuwinda hawezi, kuendesha trekta hawezi. Wakimvua na ukuu wa walinzi, atakaa nyumbani anitazame mpaka afe."

Nikamuuliza, na kiti changu? Kasema wamekubaliana kumpa mume wa Brandi. Yule kijana hata shati hachomekei, bastola yake inaning'inia tu nyuma, shati likipanda kila mtu anaiona. Anaanza leo, Neva kasema, madarasa ya watoto yakitoka.

Kaniacha na keki. Ahadi ni deni, na mimi sijawahi kuvunja neno langu maishani. Lakini shukrani ya punda ni mateke, na haya mateke si yangu peke yangu. Dewayne ataingia choo kile Jumapili ijayo na mshono wake ule ule. Ataivua tena. Hawezi kukaa asipoivua.

Nimeiweka keki juu ya dashibodi. Nimefungua mlango wa gari, mguu mmoja uko nje. Kikaoni wanacheka, nawasikia kutoka huku. Madarasa yameshatoka. Naona korido yote kupitia mlango wa kioo, watoto wanakimbizana mpaka chooni na kurudi, na pale kwenye kiti changu hakuna mtu. Naenda kukikalia.