Terrence Hajafika kwa Papa

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa pili

Nimefua tena. Soksi za Terrence peke yake zinajaza nusu ya mashini. Kiatu chake ni quarante-neuf, karibu hamsini. Mutoto, Neema, alikamata moja safi, anainyonya. Nimemuachia, nilishachoka.

Terrence alienda entraînement, mazoezi ya timu, saa tatu. Goti linamuuma na hasemi. Namuona tu vile anashuka ngazi, pole pole kama bibi kizee, anashika ukuta.

Dimanche, Jumapili hii, njo siku ya kumupeleka Terrence kwa wazazi wangu. Mara ya tatu tunapanga. Mara ya kwanza timu ilisogeza match. Mara ya pili alivunjika kidole, Maman alikuwa amekwisha kupika, sombe yote wakakula majirani. Sasa Papa yangu amesema hii njo ya mwisho. Baba ya mutoto asimame mbele ya familia, aseme yeye ni nani. Bila ile, Papa hakanyagi kwetu, na Neema hapelekwi kanisani kubarikiwa. Mutoto ana miezi nane. Babu yake hajamubeba hata siku moja. Inaniuma sana.

Jumanne, tarehe 4

Mbele ya kuanza kazi nilipita kwa wazazi, mutaa wa Jette. Papa akauliza swali lake.

"Faida, anafanya kazi gani, huyu wako?"

"Papa, nilishasema. Anacheza basket."

"Anacheza."

"Ni kazi, Papa."

"Muntu wa miaka thelathini na moja anacheza. Bon. Na akichoka kucheza, atalia?"

Maman alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka.

Siku nzima ku hôpital, nikitandika vitanda, nilitafuta neno lingine. Hakuna. Kwetu watoto wanacheza, walevi wanacheza, karata inachezwa. Naye anacheza. Nitamuelezaje Papa? Alitoka kwao Amerika na miaka ishirini na mbili. Finland, Cyprus, Poland, halafu huku. Kila mwaka sanduku. Mama yake alikufa yeye akiwa Poland, na siku ile ile walimuambia avae maillot ya timu, acheze. Alivaa. Alinielezea mara moja tu, akiosha biberon ya Neema, hakugeuka kuniangalia.

Ile ni kucheza?

Jumatano, tarehe 5

Neema analia meno. Terrence amesafiri na timu. Walipoteza. Alicheza dakika tano. Hakuna kitu cha kuandika.

Alhamisi, tarehe 6

Terrence hana ndugu huku, na muntu hajisemei mwenyewe mbele ya wakwe. Basi Papa Léon amekubali kuwa musemaji wake. Ni muzee wa Lubumbashi, anafua maillots za timu. Alikuja kumufundisha namna ya kuingia, namna ya kukaa, wakati gani anyamaze. Vizuri.

Lakini Terrence amejifundisha salamu ku téléphone. Anatembea mu nyumba: shikamoo, shikamoo. Nikamuambia, chéri, sisi watu wa Bukavu hatusemake vile, ile ni ya Watanzania, wewe sema "jambo Papa" inatosha. Anasema téléphone imesema ni heshima. Anaamini téléphone kuliko mimi niliyenyonya hii luga.

Nimeacha. Aseme anachotaka. Afike tu.

Ijumaa, tarehe 7

Wamemutoa Terrence ku timu.

Asubuhi, mu bureau, dakika kumi. Kocha hakukaa hata ku kiti. Wamepata Muamerika mwingine, kijana wa miaka ishirini na tatu, magoti mazima. Gari ya timu arudishe leo. Appartement ni ya timu, tutoke mbele ya mwisho wa mwezi.

Saa sita agent wake, muntu anamutafutiaka timu, akapiga. Rumania. Kuna timu inatafuta muntu haraka, wa mpaka mwisho wa saison. Ndege ni kesho saa nane ya mchana. Asipopanda, watachukua mwingine.

Kesho! Siku moja mbele ya dimanche. Hata shetani hapangi vizuri vile.

Nilimufokea. Nilisema yote, hata ya zamani, hata ya kidole kama vile alikivunja makusudi. Terrence alikaa chini ku carrelage, magoti juu, anamuangalia Neema. Kisha anasema: "Siendi." Halafu: "Lakini nikikataa hii, hakuna mwingine atapiga." Yote mbili kweli. Nimechoka na kweli zake.

Yeye aende, sisi tubaki wapi? Kwa Papa. Na nitaingia kwa Papa na mizigo na mutoto, baba yake hajaonekana? Afadhali nilale ku station.

Nikamupigia Papa mwenyewe. Sikupanga maneno.

"Papa, wamemufukuza."

"Nani? Wapi?"

"Terrence. Ku timu."

"Kumbe wanafukuzaka?"

"Wanafukuzaka, Papa."

"Hata muntu akifika saa?"

"Hata akifika saa. Goti tu."

Nilisikia anavuta kiti. Papa pia walimufukuza, ile depo ya maboksi, sababu ya mugongo. Alibeba mizigo pale miaka kumi na ine. Kwetu ile haisemwi. Nikangoja anifokee.

"Basi ni kazi," Papa akasema. "Alete huo mwili wake kesho saa moja asubuhi, mbele ya ndege. Na avae manteau, kuna baridi."

Akakata. Nililia vibaya. Terrence alifikiri Papa amekataa.

Jumamosi, tarehe 8

Naandika ku kitanda changu cha zamani, kwa wazazi. Nieleze yote nisisahau.

Tulifika na Papa Léon saa moja, bado giza. Papa ndani ya costume, cravate ku shingo, kila kitu. Maman hakupata muda wa kupika, akakaanga beignets. Terrence aliinama ku mulango, akasahau taa ya salon. Paa! Kichwa. Akashika kichwa na mukono moja, akasema: "Shikamoo, Papa."

Papa akaniangalia. "Huyu umesema anatoka Amerika ao Dar es Salaam?"

Maman akatoka haraka kwenda cuisine. Nilimusikia kule anacheka ndani ya tablier yake ya kupikia.

Papa Léon alisimama, akaanza na mababu, akapita ku mito, ku milima. Papa akamukata maneno: "Léon, ninyi watu wa Katanga munajua kusema. Lakini ndege ni leo."

Kisha akamugeukia Terrence. Pole pole, na Swahili, hakutaka nitafsiri:

"Utarudi?"

Niliogopa. Ile haikuwa mu mazoezi yao. Terrence akamuonyesha Neema na kidole kile kilivunjika, kilibaki kimepinda.

"Nitarudi. Mutoto yangu iko hapa."

Ile haikutoka ku téléphone. Ile ameisikia kwangu, mu nyumba, kila siku.

Papa alikaa. Alivua lunettes ku macho, akafuta, akavaa. Akanyoosha mikono, na mimi mujinga nikafikiri ananiita mimi. "Siyo wewe," anasema. "Leta mujukuu."

Neema alimuvuta cravate. Papa hakumurudisha kwangu mpaka tulipoondoka.

Ku aéroport Terrence alinishika sana. Nilikuwa nimetayarisha hasira ya kumufokea njiani. Sikuiona tena.

Jumapili, tarehe 9

Terrence amefika. Ametuma picha ya kitanda, miguu inatoka inje. Nimemuambia aombe kingine, atasema hapana, ni sawa. Namujua.

Maman ameuliza pasteur kuhusu Neema kubarikiwa, ni wiki ijayo.

Mchana ni kimya. Papa yuko salon, mutoto amelala ku kifua chake, yeye anatafuta match ya Rumania ku téléphone na kidole moja. Nimemuambia hakuna match leo, Terrence anaanza Jumatano. Anasema anajua. Anataka tu kujua match inapitiaka wapi, ile siku asichelewe.