Kabichi Safi ya Mama

Jumatatu, 7 Machi 1994

Sindano ya mita imeshuka tena. Elektrodi ya tatu hii. Kimeng'enya nilikibandika mwenyewe kwenye ncha, nikakiacha kikauke, nikakijaribu kwenye maji matupu. Mkondo wa umeme ulipita vizuri, sindano juu kabisa. Nikatia maji ya kabichi niliyoisaga. Chini.

Kabichi ya sokoni Mwembesongo ikiishusha, sawa. Ndiyo kazi yake: dawa ya wadudu inakiua kimeng'enya, mkondo unapungua, tunajua watu wanakula nini. Lakini hii ni kabichi yangu ya kulinganishia, kabichi safi, ya mama, kutoka mlimani. Mama hajui hata bomba la dawa linashikwaje.

Kuna mtu anachezea vitu vyangu.

Jumanne, 8 Machi

Funguo za maabara ni mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao Hizza.

Hizza anatengeneza kifaa chake kwa kimeng'enya hichohicho, ila yeye anatumia mwanga badala ya umeme. Kinang'aa chini ya taa, dawa ikikigusa kinafifia. Mwisho wa mwezi wafadhili wanakuja kuchagua kifaa kimoja tu. Sina haja ya kuandika zaidi.

Amenisalimia kwa uchangamfu mno. Akaniuliza kazi inaendaje. Kwa nini aulize?

Jumatano, 9 Machi

Binti yangu Neema analalamika tumbo tena, na leo kakataa shule. Nimempa dawa ya minyoo. Baba yake anasema ni maembe mabichi. Nimemchemshia kabichi laini ya mama, kala kidogo.

Jana kabla ya kutoka nilifunga uzi mweusi kwenye droo ya elektrodi. Leo nimeukuta vilevile. Sindano imeshuka vilevile. Ama Hizza kajifunza kuufunga uzi upya, ama anaingilia mahali pengine. Labda kwenye chupa za maji. Lakini kwenye maji sindano inapanda. Huyu mtu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Namchukia. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 10 Machi

Nimekwenda kwa mkuu wa idara. Sikutaja hujuma, nilisema tu vifaa vyangu vinaharibika na funguo ni mbili. Akaelewa. Mchana Hizza kanyang'anywa ufunguo mbele ya makarani wawili. Hakubisha. Aliutoa kwenye mnyororo wake taratibu, kucha zikimkwama.

Nilijisikia vizuri. Kwa muda.

Ijumaa, 11 Machi

Elektrodi mpya. Ufunguo wangu peke yangu. Sindano imeshuka, tena chini kuliko kwa kabichi ya sokoni.

Nilikaa nikiitazama ile mita. Hizza akagonga mlango, siku hizi inabidi agonge. Akaomba jani moja la kabichi ile. Nilitaka kumkatalia nikakosa sababu. Akalisaga, akachuja, akatia kwenye chombo chake, akawasha taa. Akanivutia kiti nitazame mwenyewe. Ule mng'ao ukafifia, ukafifia, ukaisha.

"Dada Felista," akasema, "hii kabichi umenunua wapi?"

Nilikusanya majani yote mezani nikayatia kwenye mfuko, hata yale makavu. Nikaenda moja kwa moja nyumbani, nikatoa sufuria ya kabichi jikoni, nikaimwaga.

Jumamosi, 12 Machi

Nimepanda kwa mama. Njia ina matope. Njia nzima nilitafuta mtu mwingine wa kumshuku: mchukuzi, dereva, jirani wa mama, gunia lililobebewa dawa zamani. Nilimshuku karibu kila mtu.

Mama alikuwa shambani. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika uso kwa mikono yote miwili kama kawaida yake. Mikono ilinuka. Ile harufu naijua, ipo kwenye kabati langu la maabara chini ya kufuli.

Bomba limeanikwa kwenye uzio wa choo. Dawa imo kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala jina. Kainunua duka jipya la barabarani. Zamani dawa ilikuja na bwana shamba, tena kwa msimu. Siku hizi biashara huria, inauzwa rafu moja na chumvi na sabuni.

Nikamuuliza kama anapulizia za sokoni tu. Maana najua wenzake wanaacha tuta moja la kula nyumbani. Akacheka, kafurahi kweli.

"Za sokoni napulizia mara moja tu. Zako narudia, mwanangu, mpaka siku ya kukata. Usije ukaaibika tena mbele ya wageni."

Krismasi. Kiwavi kwenye sahani ya bosi wa mume wangu. Mimi ndiye niliyemsimulia mama, tukicheka. Nikadhani naye anacheka.

Nililia. Mama akadhani kuna msiba mjini. Ilichukua muda kumweleza, na sijui kama nimemweleza au nimemuumiza tu.

Jumapili, 13 Machi

Neema hajala kabichi tangu juzi. Tumbo halijauma. Nampeleka hospitali kesho hata hivyo.

Jumatatu, 14 Machi

Daktari kasema tumewahi. Nikapitia kwa mkuu wa idara, nikamwambia nilikosea. Akanipa ufunguo nimrudishie mwenyewe. Hizza alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenielewa. Hakunyoosha mkono, nikauweka mezani kwake ofisini.

Jumatano, 30 Machi

Wafadhili walikuja, wakachagua cha mwanga. Nimenuna kidogo. Kidogo tu.

Tenga la mama limefika. Kabichi ndogo, zimejaa matundu. Nimejaribu moja. Sindano ikapanda, ikabaki juu. Kwenye jani la tatu kulikuwa na kiwavi, mnene, kijani. Nilimtoa kwa kidole nikamweka dirishani.

Neema anakula vizuri.

Ufunguo bado upo mezani kwa Hizza, pale nilipouweka. Asubuhi kagonga mlango. Nikamfungulia. "Asante, Dokta," akasema, akapita.

Zamani alikuwa ananiita dada.