Mtungi wa Mfalme Ka

Ijumaa, Februari. Bloomington, Minnesota.

Theluji imeanza tena mchana na haijakoma. Nimefika nyumbani miguu imelowa, nimechemsha chai ya tangawizi, nimekaa mezani na koti bado mwilini.

Leo nimelipiza kisasi.

Naandika hivyo bila kupamba kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kuandika hivyo. Kazini watasema nilifuata taratibu. Mimi najua nilichofanya, na najua nilivyojisikia nilipokuwa nakifanya. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda na kiu mwaka mzima, halafu akapewa maji.

Kwa mnaopita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: naitwa Zuhura, mtoto wa Kondoa, na kazi yangu ni vyungu vya kale. Ndiyo, watu hulipwa kwa hilo. Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa misimu kadhaa kusini mwa Misri nikiosha vigae na kuvipanga, na sasa niko kwenye makumbusho madogo ya watu binafsi huko Saint Paul, kwa mkataba unaokwisha majira ya joto. Kibali changu cha kuishi nchi hii kinategemea mkataba huo.

Na Bwana Walter ni mwenyekiti wa baraza la wafadhili wa makumbusho hayo.

Msimu wa baridi uliopita kitu kimoja kilikosekana kabatini. Kilikuwa kibao kidogo cha jiwe la kijani chenye umbo la samaki, ambacho Wamisri wa kale walisagia wanja. Tulikuwa chumba cha mikutano, wafanyakazi wote na wajumbe wa baraza. Bwana Walter akawapita wote kwa macho mpaka akanifikia mimi, akasema, "Tuanze na mkoba wake."

Hakuna aliyempinga. Beth, mkurugenzi wetu, ambaye mpaka siku ile nilimwita rafiki, alitazama meza. Mkoba wangu ukamwagwa mbele ya watu. Pedi. Dawa zangu za presha. Mswaki. Kopo langu la chakula cha mchana likafunguka, dagaa wakatapakaa mezani, na mama mmoja wa baraza akainuka akafungua dirisha, nje kukiwa na baridi ya kugandisha mate mdomoni.

Kibao kilikutwa kesho yake kwa mpiga picha. Beth mwenyewe ndiye aliyekipeleka, akasahau. Bwana Walter alipopata habari alinigonga begani akasema, "Basi, vizuri, mambo yameisha salama."

Yameisha kwa nani?

Mwaka mzima nimelala na lile dirisha na kuamka nalo. Nikiwa naendesha gari kwenda kazini nimemfanyia Bwana Walter mambo mengi kichwani. Nimemwangusha kwenye barafu mbele ya kanisa lake. Nimemfilisi. Nimemfanya aniombe radhi kwa Kiswahili, huku akikosea ngeli nami nikimrudisha mwanzo.

Halafu Jumatatu wiki hii akaja mwenyewe, amekumbatia sanduku kama mtoto mchanga.

Ndani mlikuwa na mtungi. Alitaka kuutoa zawadi, pamoja na fedha za kujenga chumba kipya cha maonyesho chenye jina la ukoo wake, na mtungi ule ukae katikati. Alisema una jina la mfalme wa kabla ya mafirauni. Beth alikuwa ameshaniahidi kwamba chumba hicho kikijengwa kitakuwa mikononi mwangu, kwa ajira ya kudumu. Kilichobaki ni mtu anayejua vyungu vya wakati ule athibitishe kwamba mtungi ni wa kweli.

Mtu huyo ni mimi.

Kwetu ukimwita mtu firauni umemtukana. Madrasa tulimjua Firauni mmoja tu, yule jeuri wa Nabii Musa, na nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba hata kabla ya wenye mapiramidi kulikuwa na watawala wengine, wa mwanzo kabisa, ambao hawakuacha jengo la kupigia picha. Waliacha makaburi ya matofali ya udongo kwenye jangwa la Abido. Waliacha vibao vidogo vya mfupa na pembe za ndovu, vimetobolewa tundu ili vifungwe kwenye mizigo. Na waliacha mitungi. Kwenye baadhi ya mitungi pamechorwa mstatili wenye mistari ya kusimama, mfano wa ukuta wa kasri, na ndani yake alama moja au mbili. Hilo ndilo jina la mfalme. Mfalme Narmer, ambaye wengi humhesabu firauni wa kwanza, tunaye kwenye kibao chake cha jiwe, ameinua rungu juu ya adui. Lakini waliomtangulia, Iri-Hor na Ka, wote wawili wamebaki karibu mikwaruzo na wino tu kwenye vyungu. Huyo Iri-Hor wataalamu walibishana miaka kama alikuwa mtu au si mtu, mpaka jina lake likakutwa kwenye mwamba huko Sinai.

Mtungi wa Bwana Walter ulikuwa mrefu, mwembamba, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na vumbi. Begani kulikuwa na mstatili. Ndani ya mstatili, mikono miwili imeinuliwa juu, alama inayosomwa ka.

Ka.

Niliomba uwe wa bandia. Niliomba kabisa, kwa kutamka. Walaghai wa biashara hii wana mchezo wao: huchukua mtungi wa kale kweli, usio na alama, wakachonga jina la mfalme ili bei ipande. Ukishika kioo cha kukuzia utawakamata, maana mstari uliochongwa juzi hukata kila kitu, hata ile chumvi iliyoganda juu ya mtungi tangu ulipofukiwa. Niliinama nikitafuta mkato huo kwa hamu ya mtu anayetafuta kosa la mke mwenza.

Haukuwepo. Chumvi ilikuwa imepita juu ya mstari na kujaa ndani yake. Kingo zilikuwa laini, zimevimba kidogo, kama unavyoona ukichora kwa kijiti kwenye udongo mbichi. Mtu alichora ile mikono kabla mtungi haujaingia tanuri, wakati mwenye jina akiwa hai na watu wakimwogopa.

Nililia. Nikakasirika kwamba nalia kwa mali ya Bwana Walter.

Jumanne jioni rafiki yangu Nyambura alipita kwangu kabla ya kwenda zamu. Ni muuguzi huko Plymouth, mji wa jirani, Mkenya, na ndiye aliyenipokea siku ile ya mkoba nilipofika kwake sijui hata nimeendeshaje gari. Nilimweleza yote.

"Andika ni feki, story iishe," alisema akichovya mandazi kwenye chai. "Kwani nani mwingine hapa Minnesota atajua?"

"Hakuna."

"Basi mfinye. Vile huyo mzee alikufanyia, unangoja nini?"

Nikafungua kompyuta nikaandika: alama imeongezwa siku za karibuni na haina thamani. Nilimsomea. Akapiga makofi, akanibusu, akaenda kazini.

Nilipobaki peke yangu niliisoma tena ile sentensi, ikanichefua. Mfalme mzima, na katika dunia yote amebakiwa na mikwaruzo ya kuhesabika, halafu mimi Zuhura nimfutie mmoja kwa sababu ya dagaa wangu. Hilo lilinizuia kidogo.

Lililonizuia zaidi, na hapa nisijifanye mtakatifu, ni kwamba uongo ungemponyesha. Mtungi wa bandia ni nini? Angecheka, angewaambia marafiki zake jinsi alivyouziwa takataka, angeurudisha nyumbani na kuwekea miavuli. Lakini mtungi wa kweli umetoka kaburini. Na kitu kilichotoka kaburini Misri lazima kielezwe kilitokaje.

Mimi nilikuwa najua ulivyotoka. Sote kazini tulijua. Bwana Walter akishaonja glasi ya pili ya divai hana hadithi nyingine. Ila hakuwahi kuisimulia mbele ya mwanasheria.

Nilifuta ile sentensi. Nililala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima.

Leo saa nne tukakutana, chumba kilekile. Beth alikuwepo, wajumbe wa baraza walikuwepo, na mwanasheria wa makumbusho, mama mmoja mkimya ambaye huwa anaandika kuliko anavyosema. Mtungi ulikuwa mezani juu ya sponji. Nilisimama nikawaeleza: ni wa kweli, alama ni ya zamani kama mtungi wenyewe, na sababu zangu ni hizi na hizi. Niliwaeleza Ka ni nani. Nilifanya kazi yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya, kwa sababu nilitaka pasibaki mlango wa kutokea.

Bwana Walter alikuwa anang'aa. "Mnaona?" alisema. "Huyu binti anaijua kazi yake."

Binti. Nina mvi nyingi kuliko mke wake.

"Ahsante, Bwana Walter," nikasema. "Tafadhali wasimulie wajumbe ulivyoupata. Wapo wageni hapa ambao hawajawahi kukusikia."

Nilisema kwa sauti tamu, ile ambayo mama yangu humkaribishia mgeni asiyempenda.

Na akasimulia! Ya Rabi, alivyosimulia. Jinsi alivyokuwa hotelini Luxor, jinsi mtu alivyokuja mlango wa jikoni na gunia, jinsi mtu huyo alivyosema binamu zake wanachimba nyuma ya nyumba yao na kuna makaburi tele. Jinsi walivyopatana bei. Jinsi alivyouviringisha mtungi ndani ya masweta ya mkewe, na afisa wa uwanja wa ndege alipouliza, akajibu ni chombo cha maua cha watalii. Aliigiza lafudhi ya yule afisa. Akacheka. Mjumbe mmoja akacheka naye.

Mwanasheria akaweka kalamu chini.

"Una kibali chochote cha serikali ya Misri?"

"Kibali?" Bwana Walter bado alikuwa anatabasamu. "Mama, nimekuambia ulikuwa ndani ya sweta."

Nilimtazama. Sikutaka kupitwa na hata kidogo. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yakaanza kuwapitia watu mmojammoja, akitafuta mtu wa kucheka naye, na kila aliyemfikia alitazama meza. Naijua meza ile. Naijua inavyotazamwa.

Mwanasheria alisema polepole kwamba makumbusho hayawezi kupokea mtungi huo, na yeye hawezi kujifanya hakusikia alichosikia. Utabaki chini ya ulinzi wetu mpaka watu wa Misri wapewe taarifa na waseme wanataka nini.

"Ni mtungi wangu," alisema Bwana Walter.

Akageuka akanitazama, na nadhani kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane aliniona mimi, si mfanyakazi.

"Ulijua nitasema nini."

"Ndiyo," nikasema. "Nilijua."

Alichukua koti lake akaingiza mkono upande usio wake, akahangaika nalo, na chumba kizima kikamwacha ahangaike. Nilitazama mpaka mwisho.

Beth alinifuata kwenye korido uso mwekundu.

"Unajua kile chumba kilikuwa chako?"

"Najua."

"Na mkataba wako? Fedha zilikuwa zake, Zuhura."

"Najua, Beth."

Akavuta pumzi. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwake: "Angekuwa mtu mwingine, ungeuliza?"

Nilimwacha pale koridoni. Nilishuka stoo, nikavaa glavu, nikauweka mtungi kwenye rafu ya chini iliyopigwa sponji, mahali ambapo hakuna mtu atakayeugonga. Nilikaa nao kidogo. Utarudi Misri siku moja, au utakaa rafuni miaka watu wakiandikiana. Hilo haliko mikononi mwangu.

Huko barabarani magari ya kuzoa theluji yalinitangulia na nilijikokota nyuma yao mpaka nyumbani. Nyambura amepiga simu, nimemsimulia, akapiga ukelele mpaka wagonjwa wake nadhani wameshtuka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na visa yako je, dada?" Nikamwambia sijui. Kweli sijui. Huenda majira ya joto nitakuwa Kondoa, nikimweleza mama kwa nini nimerudi na masanduku mawili na hakuna kazi.

Naogopa. Hilo nalo liandikwe.

Nimejichunguza kama ninajuta. Sijuti. Nimejichunguza kama ninamwonea huruma. Kidogo, pale kwenye mkono wa koti. Imepita. Watu husema kisasi hakina utamu wowote ukishakipata. Labda wao walikosea mtu. Changu bado ni kitamu, na chai imeshapoa.

Jumatatu asubuhi Beth anataka tuonane ofisini. Swali lake nimelibeba kutoka korido mpaka mezani hapa, na sasa jibu ninalo. Nitamwambia ukweli, maana ukweli ndio ulionifaa leo.

Ndiyo, ningeuliza. Yeyote angeuleta mtungi ule, ningemuuliza ameupata wapi.

Ila mtu mwingine ningemwita pembeni kwanza, nikafunga mlango.