Mume Wangu Anafuga Nzi kwa Jina la Utafiti

Bi Zena mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisikilize, maana nyumbani sina wa kumwambia na sokoni kila ninayemwambia anacheka.

Mimi nauza maembe Kariakoo, na mume wangu Isidori ni bwana shamba aliyehamishiwa ofisini hapa mjini, mtu mwema, hanywi, hanipigi, shida yake ni utafiti tu. Aliagizwa atafute njia ya kuwamaliza nzi wa matunda, wale wadogo wanaotaga mayai ndani ya embe likatoka funza, basi akatengeneza mitego ya makopo yenye chambo, akaitundika kwenye meza yangu na kwenye roshani yetu Mchafukoge, na hapo hapo roshanini akawa anachemsha mwani katika sufuria yangu ya wali, ati ni supu ya kuchangamsha miche, mpaka harufu ikamleta jirani yetu Anjana akaniuliza kwa upole, "Mama, kuna mtu amefariki huku?"

Nzi walinasa kweli, makopo yakajaa, ofisi ikaanza kumwita Ndugu Mgunduzi, lakini maembe yangu yaliendelea kutoka funza na wateja wakahamia meza ya muuzaji mwenzangu Uwesu, nilipomwambia Isidori akanijibu, "Wewe unatazama embe, mimi natazama kopo." Ofisi ikataka makopo yajae zaidi, akaanza kuokota maembe yaliyooza jalalani na kuyapanga chini ya mitego, sasa nzi wanazaliana kwetu.

Jumamosi wakubwa wake wanakuja sokoni, nami nimeagizwa niseme kwamba tangu mitego ije sijaona funza, na maembe ya kuwaonyesha ameyafuata Pugu kwa mkulima anayefukia ardhini kila tunda linaloanguka. Wakiridhika, mitego inapelekwa kijiji cha kaka yangu Vitalis, na wanakijiji wataambiwa waache kufukia, maembe yaliyooza yabaki chini ya miti yawe chambo. Kaka yangu anaishi kwa miembe hiyo. Nifanyeje, na mume wangu nampenda?

Hyasinta, Kariakoo

Hyasinta, marahaba. Pole kwa sufuria.

Mumeo si mwovu, amesifiwa mapema tu. Kopo lililojaa linaonyesha kwamba nzi wapo, halionyeshi kwamba wameisha, na hilo analijua, ndiyo maana akaenda Pugu. Lakini na wewe nakulaumu. Maembe yaliyooza yalipita mlangoni kwako ukayatazama, kwa kuwa kuitwa mke wa Mgunduzi kulikunogea.

Leo akishakula mwambie, "Jumamosi sitasema uongo." Usilie, usitaje talaka. Mpe mlango wa kutokea: awaambie wakubwa kwamba mitego inasaidia kujua nzi wako wapi, ila kuwapunguza kunaanza kwa kufukia matunda yaliyoanguka. Aseme mwenyewe, sifa zibaki kwake. Mwani asiutaje, hata wewe hukuniambia miche ilimeaje, nadhani hakuna aliyeitazama. Akikataa, weka mezani maembe yako wewe, wape wageni kisu wakate, nawe unyamaze.

Majibu hayo nilimpelekea kwa posta kabla ya kuyachapa, na Hyasinta ameniandikia tena. Isidori alinuna, akaenda kulala kwa ndugu yake Ilala. Jumamosi alifika sokoni mikono mitupu, bila maembe ya Pugu, akasimama mbele ya wakubwa wake akasema, "Ndugu zangu, makopo yamejaa, na maembe bado yana funza." Mkubwa wao akakata embe moja, akalitazama, akalirudisha mezani polepole. Isidori akaeleza habari za kufukia. Hakufukuzwa. Amepewa kuongoza kampeni mpya, na ofisi sasa inataka kila kijiji kieleze kimechimba mashimo mangapi.

Kwa hiyo, Hyasinta, mwandikie Vitalis leo hii: maembe yaingie shimoni kwanza, ndipo shimo lifukiwe. Ofisi itahesabu mashimo, haitauliza kilichomo.