Moja kwa Nzima, Mbili kwa Mbovu

Alhamisi, 1 Julai 1999

Kompyuta imetufungia! Siku ya kwanza ya mwezi, msimu wa pamba ndiyo kwanza umechanganya, na programu imegoma. Nimewasha jenereta, nimewasha kompyuta, badala ya orodha ya kazi kikatokea kibao chekundu: muda wa leseni umekwisha, wasiliana na muuzaji. Nikazima, nikawasha. Kibao kile kile. Mashine zote tunazotunza zimo humo ndani — vinu vya kuchambua pamba, mashine za kusaga, pampu za maji, vituo kumi na tisa kuanzia hapa Bariadi hadi kule Meatu. Nani kaomba fundi, fundi gani kaenda wapi, spea gani inasubiriwa. Ni mambo yetu, na hatuyaoni!

Mzee Shigela, mwenye karakana hii, akampigia simu muuzaji Dar. Nilimwona anavyorudisha mkonga wa simu, polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Leseni ni dola mia tisa, kila mwaka. Yeye alidhani amenunua programu, kumbe amepanga. Akakaa juu ya kreti la spea akasema alipopunguzwa kazi kwenye kinu cha ushirika aliapa hakuna mtu atakayemwambia tena lini afanye kazi na lini asifanye. Nikamchemshia chai.

Ijumaa, 2 Julai 1999

Mdomo wangu huu! Nimesema mbele ya mafundi wote kwamba naweza kutengeneza programu yetu wenyewe. Nyepesi, ya Kiswahili, isiyo na leseni ya mtu. Nimesema! Kwa ile kozi ya kompyuta ya miezi sita ya Mwanza!

Mzee Shigela hakucheka. Aliuliza itachukua siku ngapi. Nikasema kumi. Fundi Limbu ndiye aliyecheka, akaniuliza kama na vilainishi vya injini nitavitengeneza mwenyewe. Mzee akakata shauri: ikifanya kazi msimu mzima bila kupoteza hata ombi moja la mteja, mimi ndiye mkuu wa ofisi, na programu tutawauzia na wengine kwa bei ya mbuzi. Ikishindwa, analipa dola, na mshahara wangu hautakuwepo. Alisema kwa upole kabisa. Ndicho kilichonitisha.

Jumatano, 7 Julai 1999

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi niko karakana tangu asubuhi. Nimeichambua ile ya Dar kwa kumbukumbu tu. Kwa kila mteja, kila siku, visanduku arobaini na vitatu! Namba ya mashine, namba ya mkataba, jina la msimamizi, cheo chake. Kuna kisanduku kinauliza mashine iko ghorofa ya ngapi. Ghorofa! Meatu! Na huku yule mtu wa kituoni, ninayemwita kila asubuhi kwa redio ya upepo, ananingoja nijaze, anaanza kunisimulia mambo ya kwake yote. Ndiyo maana kupita vituo kumi na tisa kulikuwa kunanilia asubuhi nzima.

Nimekata. Nimekata tena. Nimebakiza ukurasa mmoja. Juu jina la kituo, chini yake swali moja: Habari za mashine? Bonyeza 1 kwa nzima, 2 kwa mbovu. Ukibonyeza 2 inakuuliza mambo manne, basi. Ukibonyeza 1 ukurasa unajifunga wenyewe, unakuletea kituo kinachofuata. Mtu mzima wa mashine nzima hasumbuliwi! Nimejipongeza kwa soda mbili.

Jumatatu, 12 Julai 1999

Dakika kumi na tatu!!! Vituo kumi na tisa kwa dakika kumi na tatu!

Na si mimi niliyekaa kwenye redio, ni Winnie, mke wa mwalimu, aliyeletwa huku na uhamisho wa mumewe kutoka Iringa. Hajui kompyuta, Kisukuma hajui hata neno. Nilimwelekeza kwa nusu saa. Anaita kituo, anasoma swali, anasikia jibu, anabonyeza, anashukuru, anahama. Mzee Shigela alisimama nyuma yake na saa mkononi. Alipomaliza mzee akatazama saa, akaitikisa, akaitazama tena. Akasema hajawahi kuona. Fundi Limbu kanipa mkono, mbele za watu.

Jumanne, 20 Julai 1999

Siku ya saba ya kazi. Mbovu: mbili tu tangu tuanze! Siamini. Mwezi uliopita tulikuwa na tatu au nne kila siku. Mzee anasema ni kwa sababu mafundi sasa wanatumwa wanapohitajika tu. Labda.

Amekuja Bwana Anatoli, anayehudumia mashine za kusaga upande wa Lagangabilili. Alikaa karibu na Winnie dakika tano tu, akaomba nakala. Hapo hapo. Nilimwekea kwenye disketi. Mzee alimtajia bei, Anatoli akadhani anataniwa, akauliza mara mbili. Mtu wa kwanza kununua kitu kilichotoka kichwani mwangu! Nimemwandikia mama kule Binza barua ya kurasa tatu.

Jumatatu, 26 Julai 1999

Karakana iko kimya. Mafundi wanacheza drafti kwa vizibo vya soda tangu saa tatu. Leo vituo vyote kumi na tisa: nzima, nzima, nzima. Katikati ya msimu! Vinu vinasaga usiku na mchana, vumbi la pamba kila mahali, na hakuna hata mkanda uliokatika?

Nilimwambia mzee inanishangaza. Akasema nisitafute ugonjwa kwenye afya. Kisha akasema jambo jingine, huku akitazama drafti: mafundi sita ni wengi. Watatu wangetosha. Limbu ana watoto saba. Programu niliitengeneza iondoe visanduku, sikuitengeneza iondoe watu.

Ijumaa, 30 Julai 1999

Mungu wangu. Mungu wangu.

Limbu karudi saa nne kutoka Mwandoya, alikwenda msibani kwa mjomba wake. Hata hakuketi. Akanivuta nje, nyuma ya tangi la dizeli, akaniuliza kama ile pampu ya zahanati ya misheni ya kule naijua hali yake. Nikamwambia nzima, ni nzima kila siku, nimeiona kwenye orodha. Akanitazama. Pampu imekufa tangu tarehe kumi na nne! Siku kumi na sita! Nesi Generoza anachotewa maji mtoni kwa mkokoteni wa ng'ombe, maji ya tope, na siku nyingine mkokoteni hauji. Jana jioni kafika mama mwenye uchungu, Kabula, mke wa Malimi, mimba ya kwanza. Mtoto amekaa vibaya. Zahanati haina hata ndoo ya maji safi. Wamempakia kwenye ule ule mkokoteni kumpeleka hospitali ya wilaya, na Limbu mwenyewe alisaidia kumlaza.

Nikapiga kelele: lakini walisema nzima! Limbu akasema hapana. Amemuuliza Generoza mwenyewe. Generoza anasema kila asubuhi yule mama wa ofisini anauliza habari za mashine, naye anajibu nzuri. Sasa angejibuje? Mtu amekuuliza habari! Unajibu nzuri, mnasalimiana, mnaulizana watoto na mvua, ndipo unasema ila. Kila siku alikuwa anajiandaa kusema ila, na kila siku alikuta redio imeshahama. Hakukasirika. Alisema labda mjini wana haraka, kesho watatupa nafasi.

Nilikaa chini kwenye mchanga wenye mafuta. Winnie hana kosa, alifuata ukurasa. Kosa ni langu mimi, binti wa Binza! Nyumbani kwetu mtu alikuja kutwambia babu amefariki, akasalimia, akaulizwa mhola, yaani habari, akajibu mhola duhu, nzuri tu, akanywa uji mpaka mwisho, ndipo akasema. Niliyaona kwa macho yangu nikiwa na miaka tisa! Nimezaliwa humo, na nilipokaa mbele ya kompyuta nikasahau kana kwamba nimezaliwa ndani ya ile kompyuta. Ile programu ya kijinga ya Dar na ghorofa zake — wakati mimi najaza visanduku arobaini na vitatu, wao walikuwa wanafika kwenye ila. Na hicho ndicho nilichokikata.

Jumamosi, 31 Julai 1999

Nimekaa kwenye redio mwenyewe. Kompyuta nimeizima. Nimesalimia kila kituo kama ninavyosalimia mama zangu, mwangaluka, mhola, wameamkaje, mvua imewaacha na nini, ng'ombe wanapata majani. Hapo ndipo zikaanza kuja. Ila mkanda. Ila injini inatoa moshi mweusi. Ila, mayu, mama yangu, kinu kimesimama wiki ya pili, wakulima wamelala na pamba yao nje. Kumi na moja! Kumi na moja mbovu kati ya kumi na tisa, na zote kwenye orodha yangu ni nzima! Na hakuna hata mmoja aliyenigombeza. Heri wangenitukana.

Mzee Mhoja wa kituo cha kule bwawani alinishukuru kwa kuuliza. Wabeja, alisema, wabeja sana. Nililia huku kidole kikiwa kwenye kitufe cha redio, akanisikia, akaniuliza kama nyumbani kuna tatizo. Nikajibu hapana. Nikajibu mhola duhu! Hata mimi!

Nimemwambia Mzee Shigela kila kitu. Akauliza Anatoli ana nakala ngapi. Sijui. Nimemtumia ujumbe kwa lori la pamba: aizime. Hajajibu. Kuhusu mshahara wangu mzee hakusema neno, wala mimi sikuuliza. Spea ya pampu haipo hapa, itafika kutoka Mwanza Jumatatu asubuhi. Mafundi wote sita wametawanyika kwenda vituoni, drafti iko mezani.

Mwandoya hawakupatikana. Betri ya redio yao inachajiwa na injini ya pampu. Ile ile.

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Saa tatu na nusu asubuhi. Limbu ameshaipokea spea kwenye basi la Mwanza na kaondoka kwa pikipiki kwenda Mwandoya. Winnie anasikiliza redio nami naandika hapa pembeni ili mikono iwe na kazi.

Nimeanza kubadilisha ukurasa. Nimeweka salamu juu, halafu nafasi tupu, na ukurasa haujifungi mpaka yule wa upande wa pili aseme amemaliza. Haitakuwa dakika kumi na tatu. Mzee aliangalia, akauliza: na hii bado itakuwa rahisi? Nikasema sijui. Akavuta kiti akakaa, nadhani anataka kuona.

Saa nne kasoro. Mwandoya wamepatikana! Sauti ndogo sana, inakuja na kupotea. Nimemsukuma Winnie, nimeshika mimi. Ni Generoza. Anasema betri imebaki kidogo mno, ila Malimi yuko hapo, karudi alfajiri kutoka hospitali, anataka kuongea na ofisi. Nikataka kupayuka: Kabula vipi? Mtoto vipi? Nikajizuia. Nikamsikia Malimi anavyovuta kiti, anavyokohoa. Mwanamume mtu mzima, hajalala siku tatu.

Mwangaluka, mayu, alisema.

Nikaitika. Nikamuuliza: mhola?

Mhola duhu, alisema. Kwa sauti ile ile ya kila mtu. Nikatulia. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema ameamka. Nikamuuliza safari. Akasema nzuri. Nikamsikia anavuta pumzi, akasema, ila — 

Redio ikakatika. Vumo tu. Nimeita mara ishirini. Mzee Shigela kasimama, kofia mkononi. Limbu hatafika huko kabla ya saa nane.

Winnie, maskini, amevuta kibodi karibu, amefungua ukurasa wa Mwandoya. Ananiuliza abonyeze ngapi.